Sindano za Kichina kwa mkono ulioumizwa na kazi ya minofu: zinasaidia, na gharama ni ya nani?

Mama Wawili wa Igogo
*Jumapili, saa 2:15 usiku*

Wakubwa shikamooni, na rika langu habari za jioni.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Nafanya kazi katika kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na mwaka huu natimiza miaka 9 nikiwa kwenye meza ya kukata. Kwa wasioifahamu kazi hii, samaki hufika mbele yangu akiwa bado na ubaridi wa barafu. Natia kisu nyuma ya kichwa, nakitelezesha juu ya mfupa wa mgongo hadi mkiani, namgeuza, narudia upande wa pili, kisha mnofu unakwenda kwa wenzangu wa kuchuna ngozi na panki, yaani kichwa na mifupa inayobaki, linaangukia kwenye kreti. Hapo samaki mwingine ameshafika. Mkono wa kulia hauachii kisu tangu zamu inapoanza hadi kengele ya chakula, na wa kushoto kazi yake ni kukandamiza samaki asiteleze.

Tangu mwezi wa tatu mkono wangu wa kulia umekuwa ukifa ganzi. Ulianza kidogo kidogo, lakini sasa naamshwa karibu kila usiku, saa 8 au saa 9, kidole gumba, cha shahada na cha kati vikiwa kama si vyangu, vikichomachoma kama vimemwagiwa pilipili. Nakaa kitandani nikiukung'uta mkono mpaka uhai urudi. Asubuhi nashindwa kumfungia mwanangu vifungo vya shati la shule, na wiki iliyopita kikombe cha uji kiliniponyoka nikiwa nakitazama kwa macho yangu mawili. Bega na shingo vinauma pia, ila hayo naweza kuyavumilia.

Kiwandani nimepewa vidonge vya maumivu mara tatu. Mwenzangu mmoja ameniambia kuna sehemu mjini wanatoa akupancha, yaani zile sindano nyembamba za Kichina, na kwamba yeye alipona kiuno. Nilipofika kuulizia nilitajiwa shilingi 20,000 za kuonwa na 25,000 kwa kila mara, nami nianze na mara 10. Hiyo ni shilingi 270,000, na ninao watoto wawili shuleni.

Naomba kuelezwa na wanaojua: je, sindano hizi zinatibu kweli tatizo kama langu, au zinatuliza tu? Na zina hatari gani? Pia naomba ushauri kuhusu malipo, kwa sababu nilipomweleza msimamizi wangu wa zamu kwamba mkono huu umeumizwa na kazi, alinijibu kuwa hapakutokea ajali, sikukatika wala sikuanguka, kwa hiyo hakuna cha kuandika kwenye daftari.

---

Fizio Kanda ya Ziwa
*Jumapili, saa 4:05 usiku*

Dada, pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na mikono ya wakata minofu naiona mara nyingi kuliko ninavyotamani. Siwezi kukupa jina la ugonjwa bila kukugusa, lakini vidole ulivyovitaja, na saa unazoamshwa, vinaelekeza mahali pamoja.

Kuna mshipa mmoja wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba ambayo chini yake ni mifupa midogo na juu yake ni utepe mgumu. Ndani ya njia hiyo hiyo hupita kano 9 zinazokunja vidole. Mtu anaposhika kisu kwa nguvu saa nyingi huku kifundo kimepinda, na mikono ikiwa kwenye ubaridi, tishu zinazozunguka kano huvimba, njia hujaa, na mshipa wa fahamu ndio unaobanwa. Mshipa huo ndio unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo huwa hakimo. Kwa hiyo kesho angalia: je, kidole chako kidogo kiko salama? Kisha kutanisha migongo ya viganja vyako, vidole vikielekea chini, ukae hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija kabla ya dakika kuisha, mweleze daktari. Tazama pia ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba, ulinganishe mkono wa kulia na wa kushoto. Ukiona ya kulia imebonyea au imepungua, usingoje wiki nyingine, maana hiyo ni dalili kwamba mshipa umebanwa kwa muda mrefu na msuli umeanza kufa.

Sasa sindano. Nitasema kwa uangalifu, kwa sababu watu huzisifu kupita kiasi au huzidharau kabisa. Akupancha si uchawi wala si jambo geni nchini. Madaktari kutoka China walianza kufanya kazi Zanzibar mwaka 1964. Sindano yenyewe haina dawa ndani, ni waya mwembamba wa chuma wenye unene wa takriban robo ya milimita, huchomwa na kuachwa kwa dakika 15 hadi 30, na inapofika mahali pake mtu huhisi uzito fulani badala ya maumivu makali. Inajulikana kwamba mchomo huo huufanya mwili utoe kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Lakini swali la maana kwako ni: kwa tatizo gani? Kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, ushahidi upo wa kiasi. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja akupancha mwaka 2017 miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya vidonge, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu liliikubali kwa masharti. Waingereza, kwa upande wao, mwaka 2016 waliiondoa kwenye mwongozo wao wa kiuno. Wataalamu wenyewe, basi, hawajakubaliana. Kwa mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono hali ni dhaifu zaidi: uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba tofauti kati ya sindano za kweli na sindano za kuigiza ni ndogo au haipo kabisa kwa muda mfupi, na tafiti zenyewe zilikuwa na kasoro nyingi.

Kwa hiyo mwenzako aliyepona kiuno hakukudanganya. Ila kiuno chake si kifundo chako.

Kabla ya kutoa hizo 270,000, nenda kwanza hospitalini. Iwe Sekou Toure au Bugando, omba kuonwa na daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu, naye akuangalie pia sukari na tezi ya shingo, kwa sababu kisukari, tezi iliyolegea na hata ujauzito huleta ganzi ya namna hii hii. Tiba ya kwanza ni rahisi kuliko sindano hizo: kibao chepesi cha kufunga kifundo kikae kimenyooka usiku, kwa wiki 6 au zaidi bila kuruka usiku hata mmoja. Usiku ndipo tunapolala tumekunja mikono bila kujua, na ndiyo sababu unaamka. Kisipotosha, ipo sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe, na mwisho upo upasuaji mdogo wa kukata ule utepe ili njia ipanuke.

---

Mbebaji Mstaafu wa Mwaloni
*Jumatatu, saa 12:20 asubuhi*

Mwangaluka ndugu zangu. Dada, pole na mkono.

Mimi nimebeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kwa miaka 14, kutoka kwenye boti hadi kwenye malori yanayokwenda mikoani na nje ya nchi. Gunia la dagaa wakavu halikutishi kwa macho, ni kubwa tu. Linakutisha unapolibeba la 60 siku hiyo hiyo huku ubao wa kupandia lori umelowa. Kiuno kilinishika mwaka 2019. Nilichomwa sindano hizo, na napenda kueleza sawasawa yaliyotokea, kwa sababu mazuri yalikuwepo na mabaya yalikuwepo.

Nilianza katika nyumba moja iliyokuwa na bango kubwa la mwili wa mtu lenye nukta nyingi. Mtoa huduma alikuwa mpole, lakini nilipolala kifudifudi na kugeuza shingo, niliona anachukua sindano kutoka kwenye glasi iliyokuwa na spiriti, zikiwa zimesimama ndani yake kama vijiti vya meno, na nyingine zilikuwa zimepinda. Nikamuuliza kama ni mpya. Akasema zimesafishwa. Nilivaa shati langu nikaondoka na hela yangu ya kuonwa ikabaki kwake. Baadaye nilikwenda kupima homa ya ini na virusi vya UKIMWI ingawa hakuwa amenigusa bado, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo mzee mmoja mtaani aliniumika kwa chuku na kunichanja kwa wembe ambao sikuuliza ulitoka wapi. Nashukuru Mungu, nilikuwa salama, nikachanjwa chanjo ya homa ya ini dozi zote tatu.

Mahali pa pili palikuwa tofauti. Kila sindano ilitoka kwenye pakiti yake, ilifunguliwa mbele yangu, na ikitolewa mwilini iliingia kwenye boksi la njano la taka kali. Alizihesabu wakati wa kuchoma na akazihesabu wakati wa kutoa: 12 zimeingia, 12 zimetoka. Hesabu hiyo ilinipa imani kuliko vyeti vilivyokuwa ukutani.

Na maumivu yalipungua, siwezi kukataa. Baada ya mara ya tatu niliweza kuinama na kufunga kamba za viatu. Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kuwa mgongo haukuuma, nilirudi kwenye magunia wiki ile ile, na siku ya nne mguu wa kushoto ulikufa ganzi kutoka tako hadi kwenye unyayo, nikakaa chini katikati ya ngazi na gunia juu yangu. Picha za hospitali zilionyesha diski ya uti wa mgongo imetoka mahali pake. Yule mtoa sindano wa pili hakuwa na kosa, alikuwa ameniambia nipumzike. Lakini hakuna aliyekuwa amenipima kabla ya hapo, na nafuu ile ilinifanya nijione mzima wakati sikuwa mzima.

Leo nauza vocha na maji ya chupa. Natembea vizuri, namshukuru Mungu, lakini gunia sibebi tena.

---

Mkaguzi wa Zamani
*Jumatatu, saa 7:40 mchana*

Mama, nimestaafu kazi ya usalama mahali pa kazi, na nimeisoma habari yako nikaishia kwenye jibu la msimamizi wako. Jibu hilo si sahihi, nawe usiliache lipite.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, haikuweka fidia kwa ajali peke yake. Imetaja pia magonjwa yatokanayo na kazi, na ugonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hauna siku ya kutokea, damu wala shahidi. Hujengeka. Shirika la Kazi Duniani katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010 limetaja waziwazi kubanwa kwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono kunakosababishwa na kazi ya kujirudiarudia yenye kutumia nguvu, au ya kukipinda kifundo, au yenye mtetemo. Soma tena maelezo yako ya jinsi unavyokata sangara, kisha soma maneno hayo. Unaweza kudhani aliyeyaandika alikuwa amesimama upande wa pili wa meza yako.

Sasa fanya hivi, na uanze wiki hii. Mwandikie mwajiri wako barua fupi yenye tarehe: ni kazi gani unafanya, kwa miaka mingapi, dalili zilianza lini, na mara ngapi umekwenda kwa muuguzi wa kiwanda. Ipeleke nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, uihifadhi nyumbani na si kwenye kabati la kiwandani. Wakikataa kupiga muhuri, itume kwa njia inayoacha kumbukumbu. Mwajiri akishapata taarifa ana muda maalumu wa kuipeleka kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wetu tunauita WCF. Usikae nayo ukingoja upone kwanza, kwa sababu ipo pia mipaka ya miezi 12, na nimeona watu wazima wakilia mlangoni kwa sababu walikuja mwezi wa 15 wakiwa na vidonda vya kweli na karatasi za kuchelewa.

Mchango wa Mfuko huo analipa mwajiri peke yake. Haukatwi kwenye mshahara wako, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba unamwibia yeyote. Kinachoweza kulipwa ni pamoja na matibabu, utengamao, yaani huduma za kukurudishia uwezo wa kufanya kazi, na pale daktari anapoandika kwamba huwezi kufanya kazi kwa muda, fidia ya asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi hicho.

Kuhusu sindano zenyewe kulipiwa: usitoe fedha ukitarajia kurudishiwa baadaye kwa risiti tu. Daktari anayekutibu akiona zinafaa, aandike rufaa, nawe uulize Mfuko kwa maandishi kabla ya mara ya kwanza, upate jibu la maandishi. Mtoa huduma naye lazima awe amesajiliwa. Akupancha kwetu ipo chini ya tiba mbadala, na tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 lipo Baraza linalosajili watoa huduma na vituo vyao. Omba kuona cheti cha mtu na cheti cha kituo, vyote viwili.

Kuna mfano mmoja wa nje ambao napenda kuutaja kwa sababu unaonyesha mpaka ulipo. Katika jimbo la California, Marekani, mtoa akupancha mwenye leseni anahesabiwa na sheria miongoni mwa matabibu wanaoweza kumtibu mfanyakazi aliyeumia kazini na kulipwa na bima ya mwajiri. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inasema hana mamlaka ya kuamua ulemavu wa mfanyakazi. Kuchoma anaruhusiwa, kupima umepoteza kiasi gani cha mkono wako hapana. Nawe vivyo hivyo: karatasi itakayokubeba mbele ya Mfuko ni ya daktari.

---

Binti wa Nansio
*Jumatatu, saa 1:30 jioni*

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini naona kama Fizio amemkatisha dada tamaa. Mama yangu mzazi, hapa Ukerewe, aliumia bega kwa kuvuta nyavu na kubeba ndoo za samaki, akazunguka na vidonge miaka miwili hadi tumbo likaanza kuvuja damu. Alipochomwa sindano hizo mara 8, alilala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Sasa utafiti ukisema sindano za kuigiza nazo zinasaidia sawa na za kweli, mgonjwa anapoteza nini? Mama yangu hakujali kama ni ya kweli au ya kuigiza. Alilala.

---

Fizio Kanda ya Ziwa
*Jumatatu, saa 3:50 usiku*

Binti wa Nansio, umeuliza swali zuri kuliko yote humu, na nafurahi mama amepata usingizi. Nisingependa kumnyang'anya mtu nafuu yake, na hayo ya vidonge vya maumivu kuharibu tumbo ni kweli tupu. Ndiyo maana akupancha ina nafasi kwa watu ambao vidonge vimewashinda.

Niongeze jambo litakalokupendeza. Ujerumani walifanya jaribio kubwa la maumivu ya kiuno, matokeo yakachapishwa mwaka 2007, kwa wagonjwa 1,162. Kundi moja lilichomwa sindano kwa kufuata kanuni za Kichina. La pili lilichomwa juujuu tu, mahali pasipo na maana yoyote katika kanuni hizo. La tatu lilipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa kundi la kwanza, 44.2 kwa la pili, na 27.4 kwa la tatu. Makundi yote mawili ya sindano yaliwashinda waliofuata tiba ya kawaida, kwa mbali. Anayesema sindano ni upuuzi aeleze namba hizo. Na anayesema ni lazima mtaalamu ajue nukta mamia kwa majina aeleze pia namba hizo.

Kwa hiyo mgonjwa wa maumivu anapoteza nini? Pengine fedha tu. Lakini ganzi si maumivu. Mtu mwenye bega linalouma akipata nafuu, amepata alichokitafuta. Mtu mwenye mshipa unaobanwa anaweza kupata usingizi wiki mbili, akaendelea kukata samaki kama kawaida, na mshipa ukaendelea kufa kimyakimya. Kaka yetu wa Mwaloni ameeleza jambo hilo hilo kwa mguu wake mwenyewe, na napenda kusisitiza kwa yeyote mwenye kiuno: ganzi ikishuka miguuni, au ikikaa sehemu unayokalia, au mkojo ukishindwa kuzuilika, nenda hospitali usiku huo huo.

Dada, kama utachomwa kwa ajili ya bega na shingo, sina pingamizi, ilimradi daktari ameshakuona. Mweleze mtoa huduma kama una ujauzito au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Na kwenye eneo la juu ya bega na mgongo wa juu sindano isiingie wima na ndani sana, kwa sababu mapafu yako karibu kuliko watu wanavyodhani, na mapafu yaliyotobolewa ndiyo ajali kubwa inayojulikana katika tiba hii. Kubanwa na kifua au kukosa pumzi baada ya kuchomwa, hata saa kadhaa baadaye, si jambo la kulala nalo.

Swali moja la mwisho: kisu chako kinanolewa mara ngapi, na glavu zako ni za saizi gani?

---

Mama Wawili wa Igogo
*Jumamosi, wiki ya tatu, saa 10:30 jioni*

Wapendwa, wabheja sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na jambo la kueleza.

Barua niliandika usiku ule ule wa Jumatatu, kwa mkono wa kushoto nusu yake, na mume wangu akainakili vizuri. Ofisi ya utumishi waliipokea bila ubishi, wakapiga muhuri, na siku ya tano niliitwa kujaza fomu. Msimamizi wangu wa zamu alikuja mwenyewe kuniambia kwamba hakuwa akijua kuwa ugonjwa nao unaandikwa. Nilimwamini.

Hospitalini daktari alifanya kile kipimo cha kukunja viganja. Ganzi ilikuja kabla hajafika hesabu ya 30. Kidole kidogo hakimo, kama ulivyosema, Fizio. Sukari iko sawa. Nyama ya chini ya kidole gumba imepungua kidogo sana, akanionyesha kwa kuweka mikono yote miwili juu ya meza, nami nikaona, nikaogopa. Nimepewa kibao cha usiku na karatasi ya kuondolewa kwenye kukata kwa wiki 6. Kwa sasa niko kwenye kupima uzito na kubandika lebo, ambako baridi ipo ila kisu hakipo. Mfuko umeshafungua faili langu, na kipimo cha mishipa ya fahamu kimepangwa Alhamisi ijayo.

Usiku wa nne wa kuvaa kibao nililala hadi adhana ya alfajiri. Tangu hapo nimeamshwa mara mbili tu.

Sindano sijachomwa bado. Daktari amesema kwa kifundo hazina haraka, na kwa shingo tuone kwanza mazoezi. Nilirudi pale mjini kuomba kuona vyeti. Cha kituo kilikuwepo, cha mtoa huduma wakasema kipo kwa bosi Dar es Salaam. Nimewaambia nitarudi kikifika.

Na kuhusu maswali yako ya kisu na glavu: visu vyetu vilikuwa vinakusanywa na kunolewa asubuhi tu. Ikifika saa 5 kisu changu kilikuwa hakikati tena, nilikuwa nakisukuma kwa bega. Glavu nilizokuwa nikipewa ni za wanaume, ncha zake zinabaki tupu, kwa hiyo nilikuwa nakaza mkono mara mbili, kwanza kuishika glavu, halafu kukishika kisu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata siku moja kwa miaka 9. Nimemweleza msimamizi, na tangu Jumatano kuna kinoo mwishoni mwa kila meza, tunanoa wenyewe kila baada ya saa moja. Glavu ndogo wameagiza. Binti aliyechukua nafasi yangu kwenye meza ana umri wa miaka 22, na mikono yake ni midogo kuliko yangu.

Nitaleta majibu ya Alhamisi.